Mtoto Mmoja Katika Namba Kubwa

Katika shule zetu za msingi namba kubwa husomwa, huandikwa kwa maneno, kisha huachwa. Kwa maoni yangu huo ni upotevu. Namba kubwa ina tabia zake, na mwanafunzi aweza kuzichunguza kwa njia zile zile azitumiazo kwa namba ndogo.

Nifundishapo huku Same hupenda kutumia 61,741,120. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Tanzania iliyopatikana katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022: Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanafunzi huanza kwa kujumlisha sehemu hizo mbili, wahakikishe wenyewe.

Kisha hutafuta vigawo. Tarakimu ya mwisho ni 0, basi namba yagawanyika kwa 2 na kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 22, nayo haigawanyiki kwa 3. Basi namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Wakiendelea kwa subira hufikia:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Je, 641 ni namba tasa? Mwalimu asipokee jibu la kukisia. Wajaribu namba tasa moja moja kuanzia 2 hadi 23. Inayofuata ni 29, na 29 × 29 ni 841, imekwisha kuipita 641. Hapo kazi imekwisha, nayo ni tasa. Wape na historia yake. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Jina kubwa si uthibitisho. Hesabu ndiyo uthibitisho.

Sasa lije swali ninalolithamini kuliko yote. Tuseme katika nyumba moja ya milimani, juu kule Chome au Mamba, mtoto mmoja hakuhesabiwa. Namba ingekuwa 61,741,119. Ingeishia na 9, hivyo 2 na 5 zisingeigawanya. Hata 7, 43 na 641 zingeacha baki, kwa kuwa namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1. Lakini 3, iliyokataa hapo kwanza, sasa ingekubali, maana jumla ya tarakimu ni 30. Kwa kukosekana mtoto mmoja, vigawo tasa vyote vya taifa zima vimebadilika.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma, asiyezoea kusema, aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, na mimi nimo humo?” Nikamjibu kwamba yumo, na kwamba bila yeye namba hiyo isingegawanyika kwa 7. Darasa zima liligeuka kumtazama.

Mwalimu mwanachuo, jambo hili likumbuke uitapo mahudhurio. Wanafunzi 45 hugawanyika katika makundi ya watano watano. 44 hawagawanyiki hivyo. Usiandike “karibu wote wapo” ukaridhika. Uliza ni nani hayupo, na kwa nini.