Barua Imefika, Lakini Haifunguki

Ikiwa umewahi kutafuta kazi kwa barua pepe, mpendwa msomaji, huenda unalijua faili liitwalo winmail.dat. Umeambiwa kuna barua iliyoambatishwa, lakini ukilibonyeza, kompyuta inakutolea macho tu. Wengi huilaumu mashine ya saiba. Wengine hulibadilisha jina ili lionekane kama hati ya kawaida. Hiyo ni kazi bure.

Asili yake ni programu ya Outlook na seva ya Exchange, zote za Microsoft. Mtumaji akichagua maandishi ya mapambo ya kampuni hiyo, barua yaweza kufungwa pamoja na viambatisho vyake katika furushi moja, kwa mtindo uitwao TNEF. Mwenye Outlook husoma bila hata kujua kwamba kulikuwa na furushi. Asiye nayo huachiwa furushi lenyewe. Hata kama ndani mna PDF, ambayo karibu kila kompyuta huisoma, itabaki humo humo.

Katika saiba yangu hapa Umoja, binti mmoja wa Kayole alifika mwaka wa 2009. Ofisi fulani ya mjini ilikuwa imemwita kwa mahojiano, na siku na saa zilikuwa ndani ya winmail.dat. Alihangaika nalo dakika 40, shilingi moja kila dakika, kabla ya kuniita. Nililifungulia kwenye kompyuta yangu ya Linux, yenye programu ya bure iitwayo tnef. Lo! Mahojiano yalikuwa kesho yake, saa mbili asubuhi. Alitoka mbio, hata chenji yake akaiacha mezani.

Nilikasirika, nakwambia. Kwa nini mkata agharimie jambo ambalo fundi wa seva ya ofisi ile angelimaliza kwa kubadilisha mpangilio mmoja, ili barua zinazotoka nje zisifungwe kwa TNEF? Fundi wa upande wa mpokeaji naye aweza kuiwekea seva yake programu ya kufungua furushi kabla barua haijamfikia mwenyewe.

Ukikutana nalo leo, mwombe mtumaji atume upya kwa maandishi ya HTML au ya kawaida, asikurudishie vile vile. Akikawia, programu za kulifungua zipo. Lakini jihadhari na tovuti usizozijua zinazojitolea kukufungulia, kwani humo mwaweza kuwa na nambari yako ya kitambulisho.