Kutoka Msimbazi hadi Kipimo cha Kamera

Kariakoo kila mtu ana vidonda vya tumbo, au anasema anavyo. Asubuhi chai ya moto ukiwa umesimama, mchana wateja hawakupi nafasi ya kula, na kifua kikiwaka duka la dawa lipo ng'ambo ya barabara: unataja omeprazoli, unapewa. Mjomba, muuza vitenge, aliishi hivyo miaka mingi. Zahanati moja ilimpima choo, ikamkuta na bakteria wa vidonda, akameza dozi na kiungulia kikapoa. Ila ugali ukawa unamkwama. “Ni vidonda tu hivi,” alisema, huku akiushushia kwa maji. Alipofika pa kunywa uji mtupu, na mkanda wake umetobolewa tundu jipya, mama akaniagiza nimpeleke hospitali ya Muhimbili.

Si mbali. Unashika mtaa wa Msimbazi, unatokea Fire, unaingia Upanga. Nimekulia Kariakoo, lakini geti lile nililipita siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mjomba hakuwa ametia kitu tumboni tangu usiku, kama tulivyoelekezwa. Alipuliziwa ganzi kooni, akalazwa kwa ubavu wa kushoto, mpira wenye kamera ukashuka.

Baadaye daktari alituonyesha picha. Tumboni kidonda kweli kilikuwepo. Juu zaidi, kwenye umio, palikuwa na nyama iliyovimba, inayotoa damu ikiguswa, na njia imebana.

“Mzee, kidonda cha tumbo hakikwamishi ugali,” alisema taratibu. Alieleza kuwa umio hutanuka, kwa hiyo chakula kikianza kukwama, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali. Na kwamba dawa ya kupunguza asidi, kama ile omeprazoli, inaweza kutuliza maumivu hata penye saratani. Alikuwa amekata vinyama kadhaa, maana kimoja kikitoka kwenye nyama iliyokufa, maabara inaweza kujibu kuwa saratani haipo.

Nilimuuliza kuhusu chai ya moto. Akasema saratani ya umio imeshika ukanda mzima wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na kwamba mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kuisababisha.

Majibu ya vinyama yalitoka: saratani. Mjomba akauliza kama zile dawa za vidonda aendelee nazo. Daktari akamwambia ndiyo, kidonda nacho kinatibiwa, kisha akamwandikia picha ya CT na barua ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani.