Mita 300

Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema. Nilikuwa Kitale, na nimerudi na kisa.

Kukhu (ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya) anaishi Bungoma na umri umesonga. Zamani yeye na babu walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Mtoto wao wa kwanza alizikwa huko huko. Walirudi Bungoma mwaka wa 1963, shamba likaja kugawanywa, na kukhu hajaliona kaburi lile tena. Anachokumbuka ni bwawa, dipu ya ng'ombe, na mkuyu katikati.

Haya, Google Maps haijui dipu iliyobomoka. Lakini karatasi za zamani za Survey of Kenya zinaijua! Kipimo chake ni 1:50,000, yaani sentimita 2 ni kilomita 1. Nilinunua moja, nikaiskani, nikakesha nayo. Pale kontua zinapobanana kando ya kijito, bwawa hilo hapo. Dipu juu yake kidogo. Nikaingiza nambari za gridi kwenye simu, nikapanda matatu.

Simu ilinifikisha katikati ya mahindi ya watu. Mwenye shamba, mzee mmoja, akaniuliza, "Kijana wangu, umepoteza nini?"

Niliona haya, mtu mzima na digrii yangu ya kompyuta. Karatasi ile ilipimwa kwa datumu ya Arc 1960, simu hutumia WGS84. Dunia ni ile ile, ila kila moja ina kitovu chake cha kuanzia kupima. Sehemu zetu hizi, ukihamisha nambari hivi hivi, unatupwa karibu mita 300 kaskazini, na magharibi kidogo. (Wenye QGIS: chagueni EPSG:21096, si 32636. Menyu niliiona, nikabofya tu.)

Nikakokotoa upya, tukateremka na mzee. Bwawa limejaa matete. Dipu imebaki ukuta mmoja wa saruji. Mkuyu haupo, mzee alikuta kisiki, akaking'oa, sasa hapo pana viazi.

Nikampigia kukhu, nikamweleza yote, hata viazi. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Maji yako mkono gani?"

"Wa kushoto, kukhu."

"Basi geuka. Sisi tulikuwa tukitokea upande wa dipu."

Nikageuka. Mzee akavua kofia.

Tunampeleka Desemba.