Baraza Langu na Haki ya Njia



Ni ada yetu sisi waalimu kuwaeleza watu makosa yao. Leo napenda kulieleza kosa langu mwenyewe, kwani naona lina mafunzo kuliko mengi niliyoyasema juu ya mimbari. Tena ni kosa ambalo wengi katika mitaa yetu wangali wakilifanya, na wala hawadhani kuwa ni kosa.

Nilihamia Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa, mwaka 1984, nikitokea Mji wa Kale. Daraja jipya la Nyali lilikuwa limefunguliwa miaka michache tu nyuma, mwaka 1980, na wengi waliobanwa kisiwani walikuwa wakivuka kutafuta nafasi. Nikajenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Ardhi haikuwa yangu. Ilikuwa ni ile desturi ya Mombasa ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwenyewe, nawe walipa kodi ya ardhi. Mtaa uliokua kwa namna hiyo hapana aliyeuchorea ramani. Njia zilikuwa ni zile nafasi zilizobakia baina ya nyumba na nyumba, nazo zilitosha wakati ule, kwa kuwa tulikuwa wachache na tulikuwa tukioneana haya.

Mbele ya nyumba yangu palipita njia inayopenya hata mtaa wa pili. Lori la mchanga liliweza kuingia na kutoka. Nalijua hilo kwa yakini, kwani mchanga wa nyumba yangu uliletwa na lori hata mlangoni.

Mwaka 1997 nikajenga baraza la simiti mbele ya nyumba. Niya yangu ilikuwa njema: nilitaka wazee wapate pahali pa kukaa baada ya sala ya Isha, na wanafunzi wapate pahali pa kudurusu. Nikatokeza njiani kiasi cha hatua mbili. Jirani wa mkabala akatazama, akasema, "Ikiwa Maalim amejenga, basi yafaa." Naye akatoa ngazi zake. Wa tatu akapanda mwarobaini apate kivuli. Wa nne hakuwa na nafasi uani, akachimba shimo la choo ukingoni mwa njia na kulifunika kwa zege. Wa tano akaweka kibanda cha duka. Kila mmoja alichukua kidogo tu, na kila mmoja alimtazama mwenziwe kabla ya kuchukua.

Baada ya miaka kadha akaja mtu mwenye daftari, akasema ametumwa kukagua majengo. Akapiga alama nyekundu kwenye baraza langu, kwenye ngazi na kwenye kibanda. Tukakutana majirani, tukachanga, tukampa, naye akenda zake. Tuliyompa tukayaita chai. Sijui hata kama kweli alikuwa ametumwa na yeyote. Nijualo ni kuwa mimi nilitoa sehemu yangu, kisha nikamwita kijana akaipaka chokaa ile alama.

Ewe ndugu msomaji, jua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikisomesha fiqhi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu wanachokijua wanavyuoni wote wa pwani yetu, mna mlango wa sulhu, na ndani yake mna hukumu ya njia ipitayo watu. Humo imeelezwa kuwa haifai mtu kufanya katika njia hiyo jambo la kuwadhuru wapitao. Kuwa kujenga dakka njiani, nayo dakka ndilo hili baraza letu, au kupanda mti, ni haramu. Na kuwa hata kufanya sulhu ya kutoa mali ili uachiwe kutokeza kitu juu ya njia, hakufai. Ikatajwa pia kauli ya waliosema kuwa dakka yajuzu ikiwa haidhuru. Nami nilijificha chini ya kauli hiyo. Kila mwaka nilipoufikia mlango huo niliwasomesha wanafunzi wangu, nao wamekaa juu ya baraza lile lile.

Mwezi wa Shaaban, mwaka 2016, usiku, koroboi ilianguka katika nyumba ya mjane mmoja mwenye watoto wanne, nyumba ya sita kutoka kwangu, ndani zaidi. Moto ukashika chandarua, kisha dari. Tukatoka na ndoo. Watoto walitoka salama, Alhamdulillahi. Tulikuwa tukipiga kelele kuwa zimamoto hawaji, hawana kazi, kodi zetu zaliwa bure. Kumbe gari la zimamoto lilikuwa limekwisha kufika. Limesimama mbele ya baraza langu, taa zinawaka, haliwezi kwenda mbele.

Askari mmoja wa zimamoto akashuka, akapima kwa macho, akauliza, "Mzee, hili baraza la nani?"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Langu."

Hakunijibu kitu. Aligeuka akenda kuwasaidia wenziwe kuvuta mipira kwa miguu. Mipira haikufika. Nyumba ile iliungua yote, na kabati la nguo, na cherehani ambayo yule mama akiitumia kuwashonea watu na kuwalisha watoto wake.

Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwa mjane, aliyekuwa amesitiriwa na nduguye, nikamwambia, "Bibi, nimekukosea. Nakuomba radhi."

Akainama kwa muda, akasema, "Mimi nimekusamehe, Maalim. Lakini ile njia si yangu peke yangu."

Wallahi, yule mama hakusoma Minhaj. Lakini kwa maneno yale alinisomesha mlango ambao mimi niliusoma kwa miaka thelathini. Haki ya mtu mmoja, mwenyewe aweza kuisamehe. Haki ya wote wapitao, nani wa kuisamehe? Wazee, wanawake wajawazito, watoto waendao chuoni, maiti anayechukuliwa makaburini, hata wale ambao hawajazaliwa: wote hao wana haki katika njia, na mmoja wao hawezi kuitoa kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana haiuzwi wala hainunuliwi, na chai yetu ile haikuhalalisha kitu.

Na hoja yangu ya niya njema pia imejibiwa zamani. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 wa Miladi, alipoeleza kazi za muhtasib, yaani msimamizi wa mambo ya watu mjini, ametaja kuwa amzuie mwenye kujenga katika njia ya watu hata kama njia ni pana, na jengo livunjwe hata likiwa ni msikiti. Ikiwa msikiti wenyewe hauna ruhusa ya kukaa njiani, itakuwaje baraza la Maalim?

Basi natuzingatie. Katika mitaa yetu twalalamika sana, na mengi tulalamikayo ni ya haki. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi za kuzoa taka, kuzima moto, kutengeneza njia za kaunti na taa zake, kuondoa maji ya mvua, huduma za maji na majitaka, na makaburi. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Haki hizi tuzidai, na kuzidai si fitina. Lakini huduma zote hizo hupita juu ya njia. Lori la taka lataka njia. Lori la kunyonya mashimo ya vyoo lataka njia. Gari la wagonjwa lataka njia. Mfereji wa mvua wataka pahali pa kuchimbwa. Mwenye kuiziba njia amewakatia huduma jirani zake walio ndani, kisha yeye ndiye wa kwanza kuilaumu serikali.

Tena wako wasemao kuwa kibali cha kujenga ni taabu ya serikali tu, dini haina khabari nacho. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, kama ile iliyotangulia ya mwaka 1996, yataka mtu apate kibali kabla ya kujenga. Kwa nini? Ili pawe na wa kuuliza: je, jengo hili litamdhuru nani? Hilo ni swali la dini kabla ya kuwa la serikali. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Akatuonya kuwa mwenye kuchukua ardhi kwa dhulma, hata ikiwa ni shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama. Na amepokea Abu Huraira (R.A.) kuwa watu wakigombania upana wa njia, Mtume (S.A.W.) alihukumu iachwe dhiraa 7.

Dhiraa moja, tangu kiwiko hata ncha ya kidole, ni karibu nusu mita. Dhiraa 7 zapata mita 3 na zaidi. Lori la kawaida upana wake ni kiasi cha mita 2.5. Nilipofanya hesabu hiyo nililia. Lau tungalishika kipimo hicho tu, tuliachiwa tangu zaidi ya miaka 1,400, gari lile lingalipita.

Baada ya sala ya Ijumaa iliyofuata nilisimama, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, kisha nikaenda nyumbani nikachukua nyundo. Wanafunzi wangu wakanisaidia. Siku mbili baraza lilikuwa limekwisha, na kifusi chake tukajazia mashimo ya njia. Jirani wa mkabala naye akavunja ngazi zake, akaziingiza ndani ya mlango. Tukachanga tena, mara hii kwa halali, tukamnunulia yule mama cherehani na mabati. Sehemu yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine, na ilipasa iwe hivyo.

Sitawaambia kuwa mtaa wote umetengenea. Mwarobaini bado upo, na mwenyewe husema atakata shimo la choo la mwenziwe likiondolewa kwanza. Na mwenye shimo hungojea mwenye kibanda. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kila mtu kumtazama mwenziwe, na hivyo ndivyo tunavyokwama. Wazee sasa hukaa ukumbini mwangu juu ya mkeka. Pana joto, nao hunilaumu kidogo.

Ndugu yangu, kesho ukitoka kusali Alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani, simama mbele ya mlango wako upime dhiraa 7. Zikitimia, mshukuru Mwenyezi Mungu. Zisipotimia, tazama kwanza upande wako kabla ya kutazama wa jirani. Na ikiwa wewe ndiye mwalimu, au imamu, au mzee wa mtaa, basi anza wewe, kwani walifuata ulipojenga, na Insha Allah watafuata utakapovunja.

Wabillahi tawfiq.