Namba 1524

Nilikuwa mtu wa kusubiri fundi. Jumuiya yetu hapa Gando, Pemba, ina tovuti ndogo ya WordPress yenye taarifa za vikao, orodha za michango ya skuli na habari za msimu wa karafuu kwa jamaa zetu walioko Muscat. Ikizima, watu hutaja umeme, nami nilikuwa nikimpigia fundi wa Unguja. Wana haki ya kuushuku umeme. Walioishi Pemba ya majenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, hawajasahau giza lile. Lakini seva yetu tumeikodi ng'ambo. Umeme ukikatika Pemba, yenyewe haina habari.

Kilichonibadilisha ni kupandishwa kwa MySQL, programu inayotunza kanzidata, kutoka toleo la 8.0 hadi la 8.4. Asubuhi yake kila ukurasa ulikuwa na maneno mamoja tu: hitilafu ya kuunganisha kanzidata. Mzee wetu mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kumbukumbu zetu ndiyo zimepotea?" Swali lile lilinichoma. Fundi hakupatikana, nikaamua kusoma mwenyewe.

Maneno yale hayasemi kwamba data zimepotea. Yanasema WordPress imebisha hodi na haikufunguliwa. Sababu haionyeshwi ukurasani, na ni vizuri hivyo, maana si kila mgeni ajue mambo ya ndani ya seva. Niliingia ndani, nikakuta MySQL inafanya kazi. Nikafungua faili la wp-config.php, lenye jina la kanzidata, jina la mtumiaji, nywila na anwani, kisha nikajaribu kuingia kwenye kanzidata kwa jina na nywila hizo hizo bila kupitia tovuti. Nikakataliwa, na kosa likaja na namba yake: 1524.

Namba hizi ndizo zilizonifungua macho. Ingekuwa 2002, MySQL isingefikiwa kabisa: ama imezima, ama anwani imekosewa. Ingekuwa 1045, imefikiwa lakini imekataa jina au nywila. 1524 inasema kuwa njia ya kuhakiki nywila iliyoandikiwa akaunti hiyo haijapakiwa. Akaunti yetu ilifunguliwa enzi za toleo la 5.7, kwa njia iitwayo mysql_native_password. Toleo la 8.0, la mwaka 2018, lilizipa akaunti mpya njia ya caching_sha2_password, lakini likaiacha ya zamani iendelee. Toleo la 8.4, lililotoka Aprili 2024, halikuifuta ya zamani ila huja nayo imezimwa. Nywila yetu ilikuwa sahihi na kumbukumbu zote zilikuwa mahali pake.

Wapo wanaoshauri njia ya zamani iwashwe tena, na kweli tovuti hurudi. Mimi siafiki. Toleo la 9.0 limeiondoa moja kwa moja, na imejengwa juu ya mbinu ya kuficha nywila iitwayo SHA-1, ambayo wataalamu wa usalama wamekwisha kuiacha. Niliingia kwa akaunti ya msimamizi, iliyokuwa tayari kwenye njia mpya, nikaihamishia huko akaunti ya tovuti kwa nywila mpya, na nywila hiyo nikaiandika ndani ya wp-config.php. PHP yetu, lugha inayoiendesha WordPress, imepita toleo la 7.4, kwa hiyo inaielewa njia hiyo. Iliyo ya zamani zaidi ya hapo ingebidi ipandishwe kwanza. Tovuti ikafunguka. Simu ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya yule mzee.

Tangu hapo, kabla toleo halijapandishwa nachukua nakala ya kanzidata kwa amri ya mysqldump na kuishusha kwenye kompyuta iliyopo hapa Gando. Kisha naangalia jedwali la watumiaji nijue akaunti gani ingali kwenye njia ya zamani. Vijana wanaojifunza kazi hii kwangu nawataka waniletee namba ya kosa kabla hawajagusa faili lolote.