Vitongoji Visivyo na Majina

Sina sababu ya kujificha: mimi ni mpenzi wa teknolojia, na mapenzi hayo yamevuka kiasi. Mkoba wangu wa safari hubeba simu mbili, kishikwambi kimoja, betri mbili za akiba, na furushi la nyaya ambalo mke wangu huliita matumbo ya mbuzi. Nikifika nyumba ya wageni popote pale, jambo la kwanza ninalolitafuta si kitanda bali ni tundu la umeme. Wenzangu idarani hunicheka. Wao huianza asubuhi kwa magazeti. Mimi huianza kwa kutazama programu zipi zimeboreshwa usiku. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anamsikiliza nani, kwa maana leo nataka kuipima teknolojia kwa mizani ya mahali pagumu, na mtu anayempima mpenzi wake hana budi kujitambulisha.

Mahali penyewe ni wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Anayetoka Sirari mpakani, akapita Tarime mjini, akateremka hadi Nyamongo na kuvuka Mto Mara kuelekea Mugumu, hukutana na zama zote za teknolojia katika safari ya siku moja. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, wenye malori ambayo gurudumu lake moja linamzidi mtu mzima kimo. Hatua chache kutoka kwenye uzio wake, jembe la mkono lingali ndiyo mashine kuu ya kaya. Mchunga ng'ombe husimama juu ya mwamba akiinua simu kutafuta mawimbi. Bibi muuza ndizi hupokea malipo kwa simu, ingawa tangu zile tozo za miamala za Julai 2021 wako wanaopenda kusisitiza wapewe noti mkononi, nami siwalaumu.

Pale Sirari kuna kichekesho kidogo ambacho hunifurahisha kila nipitapo. Waweza kuwa umeketi kwenye kiti cha kinyozi, ndani kabisa ya Jamhuri ya Muungano, na simu yako ikakupa ujumbe wa kukukaribisha Kenya. Mnara hausomi pasipoti. Lakini nyuma ya kichekesho hicho lipo jambo zito. Mstari unaotenganisha Tanzania na Kenya katika eneo hilo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1886: kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi mahali ambapo nyuzi 1 kusini mwa Ikweta inakutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Waliouchora hawakuwahi kuonja maji ya Mto Mara. Wakurya wakaamka wakiwa wa nchi mbili, na ukoo mmoja ukawa na wajomba upande huu na mashangazi upande ule. Ndiyo maana kila nisikiapo kwamba watu walio Ulaya wanachora ramani ya Mara, nywele hunisimama kwanza, kisha ndipo nauliza wanachora nini.

Siku hizi wanachora nyumba.

Niieleze kazi hiyo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi uitwao Crowd2Map Tanzania chini ya Tanzania Development Trust, asasi ya hisani ya Uingereza, na mmoja wa waanzilishi wake ni Janet Chapman. Mradi unatumia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wasiowahi kuikanyaga Afrika, hukaa mbele ya tarakilishi zao wakizitazama picha za setilaiti. Paa la bati wakiliona, huchora umbo lake. Njia ya ng'ombe, mkondo wa maji, uwanja wa shule, vyote huchorwa. Lakini setilaiti ina upofu wake: huliona paa, haijui jina. Haijui kwamba nyumba ile ndefu ni zahanati na ile ya jirani yake ni kanisa, wala kwamba wingi ule wa mapaa una jina ambalo kila mtoto wa hapo analijua. Kazi hiyo hufanywa na wenyeji, wakitembea na simu zao mkononi na kuandika jina la mahali pale pale waliposimama, mtandao uwepo au usiwepo. Mawimbi yakipatikana jioni, taarifa hupanda.

Kwa nini ifanyike Mara? Kwa sababu ya ukeketaji. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mkoani Mara walikuwa asilimia 32. Msimu mkubwa ni likizo ya mwisho wa mwaka. Shule zikifungwa, wazee wa mila wakishatoa idhini, ngoma huanza, na msichana aliyefaulu mtihani wa darasa la saba huanza kupigiwa hesabu ya ng'ombe. Asiyekeketwa huitwa msagane, neno ambalo mtu wa Tarime hahitaji kutafsiriwa ili ajue linavyochoma. Sheria ipo tangu mwaka 1998: kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15 kwa mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 anayesababisha akeketwe. Na walinzi nao wapo. Masanga, wilayani Tarime, kuna kituo kinachowapokea wasichana kila msimu unapokaribia. Mugumu ilifunguliwa Nyumba Salama mwaka 2014, ambako alifanya kazi Rhobi Samwelly, mwanamke wa huko huko Mara aliyekeketwa akiwa binti mdogo, akapoteza damu nyingi nusura afe, na ambaye baadaye aliongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba Butiama na Mugumu.

Sasa tazama tatizo lililobaki. Saa tano usiku simu inaita. Binti ananong'ona kwamba kesho alfajiri ni zamu yake. Anataja kitongoji. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto yuko tayari, gari lipo, mafuta yamepatikana kwa namna ambayo watumishi wenzangu wa umma wanaifahamu vyema. Kitongoji hicho kiko wapi? Katika ramani zilizokuwapo, sehemu kubwa ya Wilaya ya Serengeti nje ya hifadhi ilikuwa karatasi nyeupe yenye barabara mbili tatu. Kuuliza njiani usiku wa msimu ni sawa na kupiga baragumu. Hata ukiuliza, utaambiwa ni karibu na kwa Chacha, na anayeijua nchi ya Wakurya anajua kwamba kwa Chacha ni kila mahali. Gari likizunguka kwa saa tatu gizani, kumekucha.

Hapo ndipo ramani ilipoacha kuwa mchezo wa watu kama mimi. Jina la kitongoji likiwa ndani ya simu ya dereva, pamoja na njia inayopitika na kijito kisichopitika, zile saa tatu hupungua. Nimewahi kuwasikia wasomi wakisema teknolojia ni anasa ya mijini. Ningependa wasomi hao waketi kiti cha mbele cha gari hilo.

Wameongeza jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko ramani yenyewe. Vijiji vya Serengeti, ambavyo ni zaidi ya 80, vimepata wahamasishaji wa kidijiti: mwanakijiji aliyepewa simu janja na mafunzo, anayejaza taarifa za ukatili katika fomu iliyomo ndani ya simu na kuituma. Taarifa huambatana na mahali ilipotokea. Zamani habari ya kijiji ilipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikaenda kwa mtendaji wa kijiji, ikapanda kata, na kila mlango ulikuwa na mtu mwenye binti, mpwa au ng'ombe wa kudai. Sasa kuna mlango mmoja usio na bawabu.

Lakini hapa mpenzi wa teknolojia ndani yangu inambidi anyamaze kidogo. Huyo mhamasishaji analala wapi? Analala kijijini. Kesho atachota maji kwenye kisima kile kile na mama wa binti aliyeokolewa. Simu imempa uwezo wa kusema, haikumpa ukuta wa kujificha nyuma yake. Kila ninaposoma taarifa za miradi zinazosifu zana, nasikitika kwamba mwanamke huyu hutajwa kwa idadi tu, kana kwamba naye ni kifaa kilichosambazwa. Na simu haina upande. Ile inayomsaidia binti kupiga namba 116 ndiyo inayoweza kuwaarifu wazee kwamba gari la polisi limeonekana njia panda. Zamani mbiu ya kuficha watoto ilikwenda kwa miguu. Leo inakwenda kwa sekunde, tena kwa kundi.

Kuna na suala la taarifa zenyewe. Jina la kilima liwe wazi kwa dunia nzima, sina ubishi. Jina la binti, je? Mahali alipolala usiku wa tukio, je? Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Nawasihi maafisa ustawi wa jamii na wanaharakati vijana waisome kabla ya kupiga picha ya binti aliyeokolewa na kuipandisha mtandaoni wakiwa na nia njema. Binti huyo atataka kuolewa siku moja, au kugombea udiwani, au kusahaulika tu. Picha haizeeki.

Tena ramani huishia mlangoni mwa mahakama. Binti amefika salama, jalada limefunguliwa, na shahidi mkuu ni mtoto wa miaka 13 anayetakiwa kusimama na kusema mama yangu ndiye aliyefanya. Wengine husema. Wengi hurudi nyuma, si kwa uoga bali kwa sababu wanataka siku moja warudi nyumbani, na nyumbani hakuna mwingine. Sijaiona programu ya kutatua hilo, na atakayeniambia ameitengeneza nitamshuku.

Mpaka wa 1886 nao ungalipo. Kenya ilitunga sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, isiyoweka ukomo wa umri, na inayomtia hatiani anayemvusha mtu mpaka kwa ajili hiyo. Sheria yetu inamlinda wa chini ya miaka 18. Ngariba, au mzazi mwenye haraka, anaijua tofauti hiyo kuliko baadhi ya mawakili. Aprili 2019 mawaziri wa nchi za kanda hii walikutana Mombasa kuzungumzia ukeketaji unaovuka mipaka. Nangoja kuona vifungu vya sheria vikisogeleana kama yalivyosogeleana mawimbi ya simu pale Sirari.

Serikali nayo imechora. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na sensa ya Agosti mwaka huo ilifanywa kwa vishikwambi ambavyo baadaye vilikwenda kwa walimu. Kwa hiyo leo mwalimu wa Serengeti ana kifaa, mtendaji ana namba za nyumba, na mwanakijiji ana ramani huria. Nimejaribu kuuliza kama vitu hivi vitatu vinazungumza. Nimejibiwa kwa tabasamu.

Muhula uliopita niliwakusanya wanafunzi wachache Jumamosi, tukachora nyumba za Tarime kutoka kwenye picha za setilaiti. Mmoja wao, Mkurya, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, «Mwalimu, lile paa ni la bibi.» Alilitambua kwa mwembe na kwa zizi. Akaandika jina la kitongoji. Mwenzake wa wilaya hiyo hiyo, wa ukoo mwingine, akapinga: mahali pale panaitwa vingine. Msomaji asidhani ni ubishi wa kitoto. Tarime na jirani yake Rorya ziliwekewa kanda maalumu ya kipolisi, na wanaokumbuka mapigano ya koo kama Wairegi, Wanyabasi, Wanchari na Wakira wanajua kwamba anayeandika jina la ardhi anaweza kuwa anatoa hukumu ya ardhi.

Tukampigia bibi. Simu ikawekwa sauti ya juu, chumba kizima kikisikiliza. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akataja majina matatu: la kilima, la kijito, na la mzee aliyehamia hapo wa kwanza. Akauliza tunayataka ya nini. Mjukuu wake akamweleza, kwa Kikurya, habari ya mabinti na gari la usiku. Bibi akanyamaza. Halafu akasema tuandike la kijito, kwa kuwa mtoto anayekimbia gizani hawezi kukiona kilima, bali maji atayasikia.