Rubani Wetu na Daftari la Deni

Tangu mdogo wetu alipovaa shati jeupe lenye tepe mabegani, kadi za michango ya harusi zimekuwa zikimfikia na kiwango chake kimekwisha kuandikwa kwa kalamu. Wengine huchangia wanachoweza, rubani hupangiwa. Mwaka mmoja mama yetu alihesabu kadi kumi na moja zilizoletwa nyumbani kwetu Tanga kwa jina lake, na miongoni mwa walioleta hakuwako hata mmoja aliyeuliza kijana huyo anarusha ndege gani. Watu wameiona ndege angani, wakasikia kwamba ndani yake yumo mtu wa mtaani kwao, na hesabu ikaishia hapo.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka, kwa sababu hesabu yetu ilikuwa mbovu kuliko yao, na yetu iliandikwa. Familia ilitukabidhi daftari la gharama za masomo yake kwa kuwa tumezoea kuandika mihtasari na mahesabu ya kamati ya msikiti. Tulipiga mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja tulichotoa, upande wa pili atakachorudisha. Upande wa kwanza ulijaa upesi. Shamba la michungwa la marehemu baba huko Muheza liliuzwa. Benki ilikuwa tayari kutoa mkopo, lakini ulikuwa na riba, nasi tukauacha. Ami yetu aliyeko Maskati akatukopesha kiasi kilichopungua, bila ya nyongeza, kwa sharti kwamba kianze kurudi kijana atakapopata kazi. Masomo yakawa Afrika Kusini, ada na nauli na chumba na mafuta ya ndege ya kujifunzia. Ndiyo, mwanafunzi wa urubani hulipia kila saa anayokaa hewani, na hali ya hewa ikiharibika hulipia chumba huku akitazama mawingu.

Aliporudi na leseni ya kurusha ndege za biashara tulisoma dua na kupika pilau. Tuliamini safari imefika.

Ndugu msomaji mwenye mtoto anayetaka kazi hii, hapa ndipo tunapokuomba usiharakishe. Kwa kanuni za kimataifa leseni hiyo hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ile inayohitajika kwa rubani kiongozi wa ndege kubwa ya abiria, hutaka saa 1,500. Kati ya namba hizo mbili pana bonde, na hakuna chuo kinachomvusha mtu bonde hilo. Anayevuka ni yule aliyepata mtu wa kumwajiri akiwa na saa chache. Waajiri nao husitasita, kwa kuwa kampuni za bima na mawakala wa watalii huweka kima chao cha saa, na aghalabu kima hicho kiko juu ya kile cha leseni. Mdogo wetu alikaa miezi kumi na minne bila kuruka kwa mshahara. Sehemu ya muda huo alifanya kazi katika ofisi ya kampuni ya ndege, akipima mizigo ya abiria na kujibu simu, leseni imo mfukoni. Jirani zetu walipouliza tulisema yuko kazini uwanja wa ndege. Haukuwa uongo, lakini tunajua tulitaka waelewe nini.

Hatimaye akapewa kiti katika Cessna Caravan, ndege ya injini moja ibebayo abiria kumi na wawili hivi, ambayo inaweza kurushwa na rubani mmoja. Wanaosafiri kati ya Dar es Salaam na Unguja wanaifahamu, nusu saa haifiki. Ndiyo hiyo pia iendayo kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, Ruaha na Nyerere, ambako rubani huzunguka mara moja juu ya kiwanja kuhakikisha hakuna pundamilia njiani. Tulipokwenda kumtazama Unguja tulimkuta ameinama, shati limelowa, akipanga mabegi tumboni mwa ndege na kuyafunga kwa wavu, kisha akasimama na kuwaeleza abiria jinsi ya kufunga mikanda. Mama alinong'ona: "Mbona hana wa kumsaidia?" Kwenye ndege ndogo rubani ni dereva, utingo na mkaribishaji.

Malipo yake yalikuwa na sehemu mbili: mshahara wa msingi, ambao haukuwa mkubwa, na posho ya saa alizoruka. Kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wa watalii, posho ilipendeza. Masika ya Aprili na Mei, kambi nyingi za watalii zinapofungwa, ilibaki ile ya msingi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia wageni, ndege zililala na yeye akalala nazo. Hata hapo gharama hazikulala. Rubani hupimwa afya kila mwaka na daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, hupimwa ustadi wake kila baada ya muda, na asiporuka na kutua mara tatu katika siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka azifanye. Lakini katika daftari letu tulikuwa tumeandika marejesho ya kila mwezi kwa kiwango kimoja, Januari hadi Desemba, kama kwamba anauza chumvi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tuliahirisha kuliandika mara tatu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, baada ya swala ya isha. Alitupigia simu akasema ana mafua mazito, masikio yameziba, na anafikiri kuwaarifu kazini kwamba kesho hafai kuruka. Rubani anayo haki hiyo, na zaidi ya haki ni wajibu, kwani sheria inamkataza kupanda akijua mwili wake una kasoro. Hakuwa akituomba ruhusa. Alikuwa akituarifu kwamba mwezi ule fedha zingepungua. Na sisi, daftari likiwa wazi magotini, hatukumuuliza ana homa kiasi gani. Tulimuuliza: "Mwezi huu umefikisha saa ngapi?" Kisha tukamkumbusha kwamba ami anasubiri. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, kaka."

Kesho yake akaruka. Caravan haina hewa iliyosukumwa ndani kama ndege kubwa, kwa hiyo sikio la rubani hupanda na kushuka na ndege. Wakati wa kushuka mara ya nne siku ile alihisi kitu kimepasuka sikioni. Alitua salama akiwa na abiria tisa, peke yake mbele, akiwa hasikii vizuri upande mmoja. Daktari alimzuia kuruka kwa siku kumi na nne. Posho aliyopoteza ilizidi mara nyingi ile ambayo angeikosa kwa kupumzika siku mbili. Lakini huo ndio upande mdogo wa habari. Wale abiria tisa hatukuwa tumewafikiria hata kidogo.

Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza, bila lawama, habari ambayo marubani wote wa ndege za mikoani huijua. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, huko Marekani, ndege aina ya Q400 ya kampuni ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Q400 ni ndege ileile ambayo sisi huku, tukiiona katika rangi za Air Tanzania, tunaiita pangaboi. Wachunguzi walisema rubani kiongozi aliitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza kasi. Mshahara haukuandikwa kuwa chanzo cha ajali, na si haki kuuandika. Lakini uchunguzi ulipofanywa hadharani mambo mengine yalitoka. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa akiishi na wazazi wake upande wa pili wa nchi, akasafiri usiku kucha kwenda kazini. Kipato chake kilitajwa kuwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Na alikuwa na mafua. Katika mazungumzo yaliyonaswa na chombo cha ndege alisikika akisema hali yake ingekuwa ile angali nyumbani, asingekuja.

Tuliposikia neno mafua hatukuweza kumtazama mdogo wetu usoni.

Wamarekani walibadilisha sheria. Kabla ya hapo mtu aliweza kukaa kiti cha rubani msaidizi wa ndege ya abiria akiwa na saa 250 tu. Tangu 2013 kwa kawaida hutakiwa saa 1,500, isipokuwa kwa waliopitia jeshi au vyuo vikuu maalumu, ambao hupunguziwa. Mishahara haikupanda mara moja. Ilipanda marubani walipoadimika: mwaka 2022 kampuni ndogo zilizo chini ya American Airlines zilitangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza. Saa hizo ni za ndege kutembea, si za mtu kukaa kituoni. Wapo wanaosema kanuni ya saa 1,500 inawafungia mlango wasio na fedha, nasi tunaona wana hoja, maana saa hizo lazima mtu azinunue au azipate kwenye ndege ndogo.

Turudi nyumbani. Baada ya miaka kadhaa mdogo wetu aliitwa na kampuni yenye ndege za ATR, za injini mbili na marubani wawili. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba leseni ya rubani si kama ya gari. Kila ndege ya namna hiyo inataka idhini yake ndani ya leseni: darasa la wiki kadhaa, kisha mazoezi katika mashine inayoigiza ndege, kisha mtihani. Mwenye idhini ya ATR hawezi kesho kushika Q400, ingawa zote ni pangaboi kwa macho yetu. Gharama ya idhini hiyo ni maelfu ya dola. Kampuni ingelipa, naye angefungwa kwa mkataba wa miaka mitatu.

Shangazi yetu alipinga kwa nguvu. Katika Caravan kijana alikuwa kapteni, anakaa kushoto. Huku angekaa kulia, akiwa msaidizi, tepe moja pungufu, na kwa mwaka wa kwanza kipato kingeshuka. "Mmesomesha mtoto ili ashushwe?" aliuliza. Ilituchukua jioni nzima kumweleza. Saa za ndege ya injini moja humfikisha mtu mahali, kisha hukoma kumpandisha. Kampuni kubwa, za hapa na za Ghuba, huuliza saa za ndege nzito yenye marubani wawili. Na ndani ya kampuni foleni hufuata tarehe ya kuajiriwa: nafasi ya kushoto hufunguka pale aliye mbele anapoondoka. Air Tanzania ilipoleta Q400 mwaka 2016, na Dreamliner na Airbus mwaka 2018, marubani walihama kupanda, na nyuma yao viti vikafunguka hadi kwenye ndege ndogo kabisa. Kila mmoja husogea kwa sababu mtu asiyemjua amesogea.

Mkataba tuliusoma sisi, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kusoma mikataba. Ulisema akiondoka kabla ya miaka mitatu atalipa gharama yote, hata akibakisha mwezi mmoja. Tuliandika barua kuomba mambo mawili: deni lipungue kadiri miezi inavyopita, na asidaiwe chochote kampuni yenyewe ikimpunguza kazini. La kwanza walilikubali. La pili walilikataa kwa barua ya mistari miwili. Akatia saini hivyo hivyo, maana nyuma yake walikuwako wengine waliokuwa tayari kutia saini bila kusoma.

Siku hizi wazazi wakija kwenye kamati kuomba barua ya mchango kwa mtoto anayekwenda kusomea urubani, katibu huwauliza maswali ambayo huenda yanawaudhi. Mmeweka akiba ya miaka miwili baada ya leseni? Mtoto amepimwa macho na moyo na daktari wa marubani kabla hamjauza shamba? Mzee mmoja alituambia tunamwonea wivu mwanawe. Tulimwandikia barua yake, lakini tulimpa pia namba ya simu ya mdogo wetu, azungumze naye mwenyewe.

Ami amebakiza sehemu ndogo ya fedha zake. Tulimpigia tukamweleza yote, na habari ya sikio tukaitaja. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye hakuwahi kutaja tarehe ya mwezi. Tarehe tuliiweka sisi.

Alhamisi iliyopita, baada ya isha, simu ililia tena. "Kaka, nimewaarifu kwamba kesho siruki. Kifua kimenibana." Tulimwambia vema, alale. Daftari lilikuwa juu ya kabati na halikushushwa. Mama akatunyang'anya simu ili amuulize kama amepata mtu wa kumchemshia tangawizi.